Tope Upande Mmoja wa Pindo

Mama yangu, Etagegn, hana mchezo na kanisa. Ijumaa Kuu hapa Debre Birhan, Ethiopia, husujudu tangu asubuhi, chini, juu, chini, juu, hadi vijana wanahema.

Mwaka ule, Pasaka ilipopita, nyonga yake ya kulia ilianza kuuma. Sikujua. Kanisani tunasimama saa nyingi na kila mtu huegemea fimbo ya ibada, nani angemshuku? Kumbe kwa siri alikuwa akichomwa kwenye nyonga sindano ya kutuliza maumivu, pale zahanati. Maumivu yakirudi, naye anarudi kuchomwa.

Mvua zilipoanza, nikifua gauni lake jeupe, nikaona tope kwenye pindo, upande wa kulia tu.

"Mama, mbona gauni linaburuta upande mmoja?"

"Wewe fua, acha umbeya!"

Nikamwalika jirani yetu muuguzi, Sista Aregash, tunywe kahawa. Nilipomwonyesha lile pindo, alimhoji Mama hadi akakiri zile sindano, akamlaza, akalinganisha visigino. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi! Niliogopa sana.

"Uzee tu huo," Mama akasema.

"Uzee hauna haraka hivyo, mama yangu. Nyonga huchakaa kwa miaka, yako imeliwa kwa miezi. Huenda mfupa dhaifu umepata ufa chini ya gegedu, ule mto laini wa kiungo. Huenda ni hizo sindano za mara kwa mara. Wengine huwa ni vijidudu, na wengine chanzo hakijulikani. Kapige eksirei wiki hii. Ukichelewa, hutatembea."

"Nisiposujudu, Mungu ataniona wapi?"

"Atakuona kitandani, ukipenda."

Mama akalia, nami nikalia naye.

Hospitalini Addis Ababa, picha ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja kimekwisha karibu chote. Madaktari walimpima, hawakukuta vijidudu, wakamwekea nyonga ya bandia. Kisha yakafuata mazoezi, na manung'uniko yake kila asubuhi.

Ijumaa Kuu iliyofuata Mama alikwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Daktari alikuwa amemkataza kusujudu, basi alikaa kwenye kiti kirefu akiinamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga.

"Nitasujudu mimi badala yako, Mama."

Nikaanza. Chini, juu, chini, juu. Jasho likanitoka.

Mama akaniinamia sikioni.

"Rudia hiyo," akanong'ona. "Paji la uso halikugusa chini."