Tundu la Kola

Sindano hakuwa na kimo. Hakuwa na gari, wala shamba, wala mjomba serikalini. Hakuwa na sauti ya kuimba wala miguu ya kucheza muziki. Penye sherehe alitafuta kiti kilicho karibu na sahani. Hakuwa na koti lake mwenyewe, ingawa makoti ya nusu ya mabwana harusi wa mji ule yalipita chini ya cherehani yake. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na imani. Sisemi imani ya ibada, hiyo alikuwa nayo ya kumtosha. Alikosa ile ya kuambiwa na mtu "niko mahali fulani" ukageuza shingo ukalala.

Hakuzaliwa hivyo. Kazi ndiyo iliyomharibu. Fundi anayerekebisha makoti ya watu hukutana na mengi: rangi ya mdomo isiyokuwa ya mke, manukato ya aina mbili kwenye kola moja, hereni iliyopotelea mfukoni mwa mwanamume mzima. Sindano alifunga mdomo, akapiga pasi, akarudisha koti kwa mwenyewe. Lakini kila koti lilimwachia kitu kichwani.

Yeye na mpenzi wake walikutana ukumbini, siku ya harusi ya watu wengine. Mlangoni palikuwa patashika: wapiga picha wanasukumana, watoto wanakimbizana, wapishi wanapita na masufuria wakipiga kelele, "Moto! Moto!" Sindano alikuwa ameleta koti la bwana harusi dakika za mwisho. Aliye mbele yake alikuwa mwanamke mwenye gauni la njano na aproni ya kijani, mkasi kiunoni, mikono imelowa maji. Watu walimwita Dada Maua. Alikuwa ameshika ua jeupe la kumvika bwana harusi kifuani, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Nani ameshona koti hili?"

"Mimi, dada."

"Tundu la kola halina tundu!"

"Hilo ni pambo tu. Siku hizi sote tunashona hivyo, uzi juu, chini pamezibwa."

"Pambo! Kwa hiyo hata mlango wa nyumba yako umechorwa ukutani?"

Watu walicheka. Bwana harusi naye akacheka, ingawa jasho lilikuwa likimtoka. Sindano alitoa mkasi mdogo, akalitoboa lile tundu hapo hapo, bwana harusi akiwa ndani ya koti, akalizungushia uzi mwembamba. Kisha akageuza kola na nyuma yake akashona kikanda kidogo cha kushikilia kikonyo. Dada Maua aliliingiza ua. Likakaa kama lililoota pale.

"Kumbe kazi unaijua, ulikuwa mvivu tu."

"Na wewe kumbe kushukuru unajua, ulikuwa mkali tu."

Dada Maua akamtazama kutoka juu hadi chini, safari ambayo haikuwa ndefu, halafu akachukua ua lililobaki akamchomekea kwenye mfuko wa shati. Sindano aliona jinsi lilivyofungwa. Utepe ulianzia chini ukapanda juu, na ncha yake ikafichwa chini ya petali, bila fundo.

"Mbona hufungi fundo?"

"Fundo linamchoma mtu kifuani," alisema. "Nani atake kuoa huku anachomwa?"

Tangu siku hiyo Sindano hakushona tena tundu la uongo. Simu zikaanza. Asubuhi moja, jioni moja, na katikati zile zisizokuwa na sababu.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na meno yangu."

Sindano alicheka sana. Lakini baada ya kukata simu alikaa mbele ya cherehani akiwaza: mbona hakujibu moja kwa moja?

Mvua zilipokwisha, Dada Maua alibadilika. Duka lake, ambalo msimu wa mvua lilikuwa limejaa maua laini ya majimaji, lilibaki na ndoo tupu na vikonyo vya ajabu ajabu: majani magumu, vichwa vikavu, vitufe vya zambarau mfano wa vifungo. Akiulizwa alisema, "Kazi ya kiangazi hiyo, utaiona." Alikuwa akiondoka dukani mapema, na akirudi hasemi ametoka wapi.

Kisha Sindano akamwona Mnara.

Mnara alikuwa bawabu wa hoteli kubwa ya upande wa pili wa barabara. Mrefu, mabega mapana, sare nyeupe, meno meupe zaidi. Siku hiyo alikuwa na ua kifuani. Sindano alipita karibu kana kwamba anatafuta namba ya jengo. Utepe ulianzia chini ukapanda juu. Hapakuwa na fundo.

Kesho yake palikuwa na ua jingine, na kesho kutwa jingine tena. Jioni moja Sindano alijibanza nyuma ya kibanda cha magazeti, akaona kwa macho yake: Dada Maua, kwenye mlango wa pembeni wa hoteli, ameinamia kifua cha Mnara, pua yake ikigusa kola. Anavuta pumzi. Anatabasamu.

Sindano alipiga simu. Akamwona anatoa simu kwenye aproni na kumwekea Mnara kidole mdomoni, nyamaza.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Dukani, baba. Nabadilisha maji ya ndoo."

"Mbona nasikia magari?"

"Dirisha liko wazi."

"Haya. Nisalimie ndoo."

Alirudi kwa miguu, na njiani alimaliza kesi nzima peke yake. Alishtaki, akatoa ushahidi, akahukumu.

Siku hazikupita nyingi, Mnara mwenyewe akaingia kwenye duka la Sindano, akainama ili asigonge kichwa mlangoni. Sare yake ilikuwa imekatika kifungo cha mkono.

"Kaka, nisaidie leo leo. Kesho nina siku kubwa. Kuna mtu mzito anakuja kunikagua kifua."

"Kifua?"

"We acha tu. Nimeapishwa nisiseme." Akacheka, akampiga bega kwa upendo, karibu amwangushe.

Alipoiacha sare na kuondoka, Sindano alishona kifungo. Kisha akaigeuza kola. Nyuma yake palikuwa na kikanda kidogo cha uzi kama vile anavyoshona yeye. Dada Maua alikuwa ameiga, na kuiga kwake kulimchoma zaidi. Akakikata. Halafu akachukua uzi mweupe, akaukunja mara mbili, akalishona tundu la kola kwa mishono midogo ya kujificha, karibu karibu, mpaka likafungika kabisa. Kwa mbali lilionekana tundu. Ukiligusa ni ukuta. Ulikuwa mshono safi kuliko yote aliyowahi kushona.

Mchana wa siku iliyofuata Dada Maua aliingia. Gauni la bluu, viatu vya kutokea, uso umekauka. Aliitandaza sare ya Mnara juu ya meza ya kukatia, akaweka juu yake ua lililonyauka.

"Nani ameshona hapa?"

Swali lilikuwa lile lile la ukumbini. Sindano aliitazama pasi yake.

"Usinitazamie pasi. Mshono huu naujua kama ninavyoujua mwandiko wa mama yangu. Kwa nini?"

"Niambie wewe kwanza. Mnara ni nani wako?"

"Mnara?" Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Mnara ni mtungi wangu wa kujaribia maua, Sindano! Kila msimu napanga maua ya harusi upya. Ya mvua hayaliwezi jua la kiangazi. Bwana harusi anasimama juani, anatoka jasho, anakumbatiwa na ukoo mzima. Nitajuaje ua gani litafika jioni? Namvika mtu anayesimama mlangoni kutwa. Jioni nalinusa kama limeoza, nalikagua petali kwa petali. Leo meneja wa sherehe wa hoteli alikuwa anakuja kuona. Harusi zao zote za kiangazi zingekuwa zangu. Zote."

"Na… imekuwaje?"

"Tundu limekataa. Nikachoma pini. Pini imepasua kikonyo, na adhuhuri haijafika ua limeinamisha kichwa kama limefiwa. Meneja ametazama mara moja, akaenda zake."

"Kwa nini hukunivika mimi?"

"Wewe unashinda chini ya feni!"

Ingekuwa siku nyingine wangecheka.

"Uliniambia uko dukani," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nakuona."

"Ndiyo. Nilikudanganya. Kwa sababu nikisema hoteli, unauliza mlango gani. Nikitaja mlango, unauliza nani kaufungua. Nilichoka kutoa ushahidi kila siku, nikaona uongo ni njia fupi. Hilo kosa langu, nalibeba. Lakini mimi nilisema neno. Wewe umekaa, ukatunga uzi, ukashona polepole, na hukuona haya hata kwenye mshono wa mwisho."

"Nilidhani…"

"Ulidhani! Unajiuliza mwenyewe, unajijibu mwenyewe, mimi naletewa hukumu tu. Siku utakayoniuliza swali ukakaa ukasubiri jibu, nitafute."

Aliondoka. Ua alilichukua, sare akaiacha.

Sindano alipiga simu jioni, na asubuhi, na adhuhuri. Haikupatikana. Tabia ikamrudia: amezima makusudi, yuko na mtu. Akaenda kwenye duka la maua, na humo alimkuta Shangazi, dada wa baba yake Dada Maua, mwanamke mnene mwenye kanga begani na ulimi usio na breki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, fundi wa kuziba. Umekuja kushona mlango wa friji?"

"Nimekuja kumuuliza…"

"Hayupo. Amepanda milimani kwenye mashamba ya maua, anatafuta mengine. Huko simu hazishiki. Au unataka nikuonyeshe tiketi ya basi?"

Sindano alitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Akaurudisha.

"Hapana, shangazi. Nimekuamini."

Shangazi alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. Akafungua friji, akatoa ua: waridi dogo jeupe, kando yake vitufe vya zambarau na jani moja gumu.

"Yeye hufunga mawili daima. Moja likipondwa na mashangazi wa kukumbatia kama mimi, lipo la akiba. Hili ni pacha wa lile uliloliua. Chukua. Kama huna la kulifanyia, litafune."

Sindano alirudi dukani kwake, akakusanya vipande vilivyobaki kwenye makoti ya watu wengine, vyote vyeusi, ingawa weusi wake haukulingana. Alishona usiku kucha. Likatoka koti la mtu mfupi. Tundu la kola alilitoboa mwisho, akalizungushia uzi kwa makini, na nyuma akaweka kikanda.

Asubuhi akasimama kwenye ngazi za hoteli, pembeni ya Mnara.

"Kaka," Mnara alisema bila kumtazama, "sare yangu umeirudisha na tundu?"

"Nimelifungua. Na kifungo nimekaza. Nisamehe."

"Unajua nilidhani nimenenepa kifua?" Akatingisha kichwa, kicheko kikamponyoka. "Simama wima basi. Ukiinama watakudhani mzigo wa mgeni."

Jua lilipanda. Jasho lilimtiririka Sindano mgongoni, likaingia kwenye viatu. Wageni walimpa mizigo, akaibeba. Bibi mmoja alimkumbatia akidhani ni bwana harusi, naye alijikaza akamwacha. Mara kwa mara alitupa jicho kifuani. Waridi lilikuwa wima. Vile vitufe havikujua hata kama kuna jua.

Jioni meneja wa sherehe alitoka, mwanamke mwenye miwani na hatua za haraka. Akapita. Akasimama. Akarudi.

"Umelivaa tangu lini?"

"Tangu asubuhi, mama. Muulize bawabu."

Meneja aligusa petali kwa kidole. "Hili si kama lile la juzi?"

"Ni pacha wake. Lile halikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeziba tundu la kola, kwa wivu. Pini ndiyo iliyoliua."

Meneja alivua miwani, akamtazama yeye badala ya ua. "Wivu?"

"Ndiyo, mama."

"Mwambie mpambaji aje anione kabla sijasaini na mwingine. Na wewe, nenda ukanywe maji."

Barua ilimpa taabu kuliko koti. Asubuhi iliyofuata, cherehani ikiwa imefunikwa, aliandika:

"Mpenzi, ua lako la akiba limesimama juani kutwa nzima. Mimi niliyumba kidogo, lenyewe halikuyumba. Meneja anataka kukuona, wahi. Amejua ni nani aliyeshona, nimemwambia mwenyewe. Sasa nina swali. Nimejishonea koti langu, na tundu lake liko wazi. Siku ya harusi yetu, je, utakubali kunivika ua?"

Kalamu ikaendelea yenyewe: "Lakini najua utasema…"

Akasimama. Aliyatazama maneno yale matatu, akaichana karatasi, akachukua nyingine na kuinakili barua yote tangu mwanzo. Alipofika kwenye alama ya kuuliza aliweka kalamu chini, akaisogeza mbali na mkono wake.

Nje, lori la maua lilikuwa likipakia ndoo tupu za kurudi milimani. Sindano alikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akailamba ncha, kisha akaipitishia pasi ya vuguvugu mpaka ikashika. Akatoka mbio na kumkabidhi dereva.

"Ni ya Dada Maua, huko mashambani."

"Sawa, fundi. Nimwambie nini?"

Sindano alifungua kinywa. Alitaka kuuliza lori litapita njia gani, litafika lini, na huko shambani yuko na nani.

"Usimwambie kitu," alisema. "Mpe tu."

Dereva akaichomeka bahasha kwenye kioo cha mbele, akatia gia.