Mkanda Tumboni mwa Mwanaamina

Mwanaamina alikuwa mwanamke mnene, na mjini Kasulu hakuna aliyeuona unene huo kuwa ubaya. Mumewe, Hilali, aliuza vitenge, sabuni na mafuta ya kula kwenye duka la mbele ya nyumba yao, karibu na soko. Wateja walimtania, "Hilali, mkeo anakutangazia biashara. Duka linalipa." Hilali alicheka. Mwanaamina naye alicheka, huku magoti yakimuuma.

Lakini hakuwa mzima. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Akipanda kilima kidogo alihema. Na tangu amzae Lukmani, ambaye sasa alikuwa darasa la pili, hakupata mimba nyingine. Daktari alimweleza kwamba unene ule ungeweza kuwa sababu mojawapo. Alijaribu kupunguza chakula na kutembea kwa miguu. Uzito ulishuka, kisha ukarudi.

Mwaka 2014, dada yake Nasma, aliyeolewa Mombasa, alimpeleka kwenye hospitali moja ya Nairobi. Huko madaktari walimpima, wakamweleza yote, wakampasua. Walifunga mkanda laini kuzunguka sehemu ya juu ya tumbo lake la chakula. Alikaa kwa Nasma wiki kadhaa, akinywa supu na uji mwepesi, kisha akila vyakula vilivyopondwa.

Aliporudi Kasulu alimwambia Hilali kwamba ametolewa mawe kwenye nyongo.

Kwa nini aliongopa? Aliona aibu. Alihofia watu waseme, "Mwanamke gani huyu anapasuliwa ili asile?" Aliuona ule kuwa uongo mdogo. Lakini uongo nao hunenepa, tena hauhitaji hata kulishwa.

Mama mkwe wake, Bi Niyitegeka, alikuja kutoka Kagerankanda kumwuguza. Kila siku alisonga ugali wa muhogo na kupika maharage.

"Mgonjwa hupona kwa kula," alisema. "Kula, mwanangu."

Katika nyumba ile wanawake walikula katika sinia moja. Waliokaa pamoja walianza pamoja na kumaliza pamoja. Anayetoa mkono mapema huambiwa anaringa, au amekidharau chakula. Mwanaamina hakutaka kuambiwa hivyo na mama mkwe. Akala kwa kasi ya wenzake. Tonge likimkwama kifuani, alilisukuma kwa soda. Kisha alijifanya anakwenda kuchukua maji, akatapika nyuma ya jiko.

Siku moja Bi Niyitegeka alimkuta pale ameinama. Hakumwuliza kitu. Alitabasamu tu, akarudi ndani.

Jioni Hilali aliingia na kuku wawili na kitenge kipya.

"Mama ameniambia," alisema.

"Amekuambia nini?"

"Usinifiche, mke wangu. Akiwa wa kike tutamwita Zuhra, jina la shangazi yangu."

Mwanaamina alifungua kinywa aseme hapana. Akaitazama furaha ya mumewe, na neno likamshinda. Akainamisha kichwa. Hilali akadhani ni haya ya mke mwema, kumbe ilikuwa aibu tupu. Mwanaamina alijiona mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo akaongezewa chakula. "Sasa mnakula wawili," alisema Bi Niyitegeka, akimmegea tonge kubwa. Mwanaamina alimeza, akatapika, akameza tena. Mwishowe hata maji yalipita kwa shida.

Consolée, muuguzi Mkongomani wa kliniki ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikuwa mteja wa duka lile. Alikuja kununua sabuni, akamsikia Mwanaamina akitapika uani. Akamfuata.

"Mama, unatapika tangu lini?"

"Ni mimba tu, dada."

"Damu ya mwezi uliiona lini ya mwisho?"

Mwanaamina alijifuta mdomo. Kisha akasema polepole, "Juma lililopita."

"Basi hiyo si mimba. Mama, mi niko infirmière, muuguzi. Niambie kweli."

Mwanaamina akalia. Akasema yote: mkanda, mawe ya uongo, na mtoto ambaye hayupo.

Consolée hakucheka. "Kule Bukavu nilifanya kazi kwa chumba cha kupasua," alisema. "Mkanda hiyo ninaijua, lakini si kama docteur aliyekufunga. Walikuambia inafanya kazi namna gani?"

"Walisema nitashiba haraka. Nikadhani utaniyeyusha mafuta."

"Hapana. Mkanda haiyeyushi kitu. Inagawa tumbo. Juu inabaki kifuko kidogo, na njia ya kushuka inakuwa nyembamba. Chakula kidogo kinajaza kifuko, wewe unashiba. Sasa ukitupa tonge kubwa pale, litapita wapi?"

"Ndiyo maana linakwama?"

"Ndiyo. Unakata kidogo, unatafuna mpaka kilainike kabisa, unameza, unangoja. Ukisikia kifua kinajaa, unaacha, hata kama sahani ina chakula. Na usinywe pamoja na chakula. Kunywa kabla, ao ungoje kwanza kishuke. Soda uache kabisa. Ile na chai ya sukari nyingi inapita kwa mkanda bila kushibisha. Utanenepa na mkanda yako ndani, na sukari itapanda."

"Na huku kutapika?"

"Kutapika kila siku ni hatari. Mkanda inaweza kuhama. Walikupa tarehe ya kurudi?"

"Walinipa. Sikurudi. Ningemwambia nini Hilali?"

"Chini ya ngozi yako iko kidude ambamo wanaingiza sindano. Wanaongeza maji, mkanda inakaza. Wanatoa, inalegea. Kila mtu inamlazimu kurudi warekebishe. Utapungua polepole, mwaka mmoja, ao miwili. Na mimba ya kweli ungoje kwanza, mpaka docteur akubali. Lakini mama, maji ikikataa kupita, hiyo si ya kungoja kesho. Twende hospitali sasa. Na bwana yako ajue."

"Nitakufa kwa aibu."

"Aibu inauma, haiui. Hii nyingine inaua," alisema Consolée, akimnyooshea kidole tumboni.

Mwanaamina alimwita Hilali na mama yake. Alisema yote akiwa ametazama sakafu. Alipomaliza, Hilali aliketi chini.

"Hospitali ulinificha, sawa," alisema. "Lakini mtoto? Nilikuwa nimeshaanza kumpenda."

Bi Niyitegeka aliinuka, akafunga mzigo wake, akarudi Kagerankanda.

Hilali aliumia, lakini hakumwacha mkewe. Alimpeleka hospitali ya pale mjini, akatiwa maji kwenye mshipa. Daktari alizungumza kwa simu na wenzake wa Nairobi, na Mwanaamina alipopata nguvu wakasafiri. Huko walimpiga picha. Mkanda haukuwa umehama. Walitoa maji kidogo kwenye mkanda kwa sindano, ukalegea. Hilali aliuliza maswali mengi kuliko mgonjwa. Daktari alimwambia Mwanaamina atarudi kupimwa, atumie vitamini alizoandikiwa, na akipata homa, maumivu makali ya tumbo, au kutapika kusikokoma, asikae nyumbani.

Nyumbani Mwanaamina alianza kula kwenye kisahani chake. Maharage yaliyoiva vizuri, samaki, mboga. Nyama ngumu na mkate laini vilimkwama, akaviacha. Jioni alitembea na Lukmani. Uzito ulipungua kidogo kidogo. Mwaka 2015 sukari ilishuka, na kilima hakikumtoa jasho kama zamani. Aibu ndiyo iliyokawia kupungua. Tangu aondoke, Bi Niyitegeka hakuwa amekanyaga nyumba ile.

Wakakutana kwenye walima wa harusi kwa Nurudini, jamaa yake Hilali. Masinia ya pilau yakatandazwa. Wanawake wakaketi kuyazunguka, na Mwanaamina akakaa pembeni na kisahani chake, macho chini. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Wenzetu siku hizi hawali na sisi. Tunawanukia nini?"

Mwanaamina akainua macho. "Nimefungwa mkanda tumboni," alisema. "Nikila haraka natapika. Ndiyo sababu."

Hapo Bi Niyitegeka akaondoka kwenye sinia la wazee, akaja taratibu, akaketi mbele ya mkwewe.

"Nigawie kwenye hicho kisahani," alisema.

"Mama, rudi kwa wenzako. Mimi nachelewa sana."

Bi Niyitegeka alifungua kinywa, akamwonyesha fizi. Nyuma ya meno ya mbele hapakuwa na jino hata moja.

"Miaka yote hii nameza bila kutafuna, nisiachwe na sinia," alisema. "Niliona aibu kusema. Kula polepole, mwanangu. Nami nitafune."