Sauti ya Mkwe Kwenye Redio Ndogo

Kila jioni mshona nguo aliweka mkasi kando na kumsomea baba mkwe wake hadithi. Mzee haoni, lakini ulimi wake una makali.

"Soma wewe, mwanangu," alisema. "Mumeo akisoma, nalala kabla mwizi hajakamatwa."

Kisha uvimbe ukamwota mshona nguo kooni. Daktari alisema atapasuliwa, halafu akae kimya kwa wiki kadhaa. Huenda sauti ikarudi imebadilika. Basi akarekodi hadithi na nyimbo kwa simu, ili mzee asikose.

Mumewe alizibana kwenye kompyuta ili zichukue nafasi ndogo, akazihamishia kwenye redio ndogo ya mzee inayohifadhi sauti. Redio ikajaa, hadithi ya mwisho ikabaki nje. Akazibana tena, safari hii sana. Zikaenea zote. Mzee alisikiliza, akakunja uso.

"Nani huyu anaongea ndani ya mtungi?"

"Ni mkwe wako, Baba."

"Mkwe wangu namjua. Huyu simjui."

Mshona nguo aliumia sana. Hiyo ndiyo sauti aliyotaka kuiacha nyumbani.

Mume akamwita jirani yao, fundi wa studio, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mitambo.

"Rekodi za kwanza umezifuta?" aliuliza hata kabla ya kuketi.

"Zipo kwenye simu."

"Afadhali! Sauti ukiibana, kinachotupwa hakirudi. Ukibana kilichobanwa, unatupa tena. Anza na rekodi ya kwanza kila mara. Mwanzo ulichagua nini?"

"Kiwango cha data kwa sekunde, kile kinachobadilika, ubora wa juu kabisa."

"Si kibaya. Hapo umechagua ubora. Mkeo akinyamaza, nafasi kidogo inatumika. Akiimba, inatumika nyingi. Sauti inatoka safi, ila ukubwa wa faili unaujua mwishoni."

"Na kiwango cha wastani?"

"Hapo unachagua ukubwa. Sehemu nyepesi zinaziachia nafasi zile ngumu, lakini jumla haiendi mbali na ulichopanga."

Mshona nguo akacheka. "Kumbe ni ushonaji! Fundi wa kwanza anamkatia kila mteja kwa mwili wake. Kitambaa kitakachokwenda, atajua baadaye. Wa pili kapewa jora moja. Anampunguzia mwembamba, anamwongezea mnene, na wote lazima wavae."

"Shoga, njoo studio unisaidie kufundisha!" alisema Mama Mitambo.

Wakagawanya nafasi ya redio kwa muda wa rekodi zote ili kupata kiwango, wakabakiza nafasi kidogo. Kwa redio walitumia kiwango cha wastani. Kwenye kompyuta, ambako nafasi ni tele, wakaweka nakala za kiwango kinachobadilika. Rekodi za kwanza, walizoanzia, hawakuzibadilisha.

"Jaribu wimbo kwanza," alisema Mama Mitambo. "Wimbo ndio unaoumbua."

Mzee akatega sikio. Uso ukamfunguka. "Haa! Huyu ndiye. Hata anavyovuta pumzi."

Mshona nguo akaenda hospitali na moyo mwepesi. Aliporudi, alikata vitambaa kimyakimya huku sauti yake mwenyewe ikimsomea mzee. Safari hii mwizi alikamatwa.

Siku daktari alipomruhusu kuongea, alikwenda moja kwa moja kuketi karibu na mzee.

"Baba," alisema. Sauti ilikuwa na mikwaruzo.

Mzee alipapasa meza, akaishika redio, akaizima.

"Nisomee, mwanangu," alisema. "Huyu wa redioni nimeshamsikia."