Mstari wa Anyelwisye

Kipumulishi kilivuta hewa kwa niaba ya Gwamaka, kikaisukuma kifuani mwake, kikavuta tena. Mwezi wa nne sasa tangu alazwe, hakijachoka. Vipumulishi vyote vya Mbeya Mpya viliendeshwa na msimbo huria wa kompyuta. Yeyote aliruhusiwa kuusoma na kuurekebisha, ila desturi ilikuwa moja: kila mstari ubebe jina la aliyeuandika, na kabla ya kuugusa, umwombe mwenyewe.

Sikudhani, fundi wa msimbo huo, alikaa kando ya kitanda cha Gwamaka, mdogo wake.

"Dada Siku," alisema Lupakisyo, muuguzi wa zamu, "tangu mfanye ule usafi wenu, hajatoka hapa hata mgonjwa mmoja akipumua mwenyewe. Wodi nzima! Ninyi mafundi hamna simile."

"Tuliondoa takataka tu, kaka."

Usafi ulikuwa kazi yake, kabla Gwamaka hajalazwa. Alifuta majina ya waandishi waliofariki, mahali pao akaandika Jamii. Kisha akakuta mstari wa 412, uliosimamisha mashine kwa sekunde tatu kila saa. Akaona ni kasoro. Aliiomba Jamii ruhusa ya kuuondoa. Siku tatu zikapita kimya, na kwa kanuni zao kimya kilikuwa ridhaa. Nani angejibu?

Maneno ya Lupakisyo yalimchoma. Alifungua kumbukumbu za zamani. Jina la mwandishi wa mstari ule lilikuwapo: Anyelwisye Mwambene, aliyefariki miaka sita iliyopita. Chini yake palikuwa na maelezo ambayo usafi uliyafuta pamoja na jina: "Hapa nyamaza. Msikilize mgonjwa. Akivuta pumzi mwenyewe, mwachie."

Alirudisha mstari. Akarudisha na jina.

Saa ilipotimia, mashine ilinyamaza. Moja. Mbili. Tatu. Kifua cha Gwamaka hakikuinuka. Kipumulishi kikaanza upya.

"Labda hajawahi kujaribu," alisema Sikudhani.

Lupakisyo alifungua rekodi za kitambuzi cha kifuani, kilichoandika kila kitu hata pasipokuwa na msomaji. "Mwezi wake wa kwanza, alijaribu mara sitini na moja," alisoma. "Wa pili, mara nne." Mwezi wa tatu hakuusoma.

Sikudhani alirudi kwenye kumbukumbu, pale mstari ulipofutwa. Mfutaji naye aliandikwa Jamii. Alilifuta neno hilo, akaandika jina lake, la kwanza hadi la ukoo. Kisha akausogeza uso karibu na kinywa cha mdogo wake, akazingoja sekunde tatu za saa inayofuata.