Bibi Aliyenisindikiza

Jioni ya mwisho nilitoka kuaga. Miaka mitatu nilikaa Kasongo kwa mama mdogo Latifa, nikisomea uuguzi, na kesho yake ningerudi kwetu Ujiji kwa mama. Nililia karibu kila mlango. Mji ule niliupenda, hata vumbi lake.

Kwenye nyumba ya mwisho, yenye ua wa mianzi, kulikuwa na bibi mmoja. Kila asubuhi tulisalimiana nikienda shule. Jina lake sikuwahi kuuliza. Bibi tu, basi. Uvivu wangu huo.

"Ngoja nikusindikize, mutoto," alisema.

Tukaongozana. Kandambili zake zikaburuza... shwaa... shwaa. Alinukia mawese yaliyochacha. Nilipofika nikamshukuru, nikaingia, nikafunga mlango.

"Nani amekusindikiza?" aliuliza mama mdogo.

"Bibi wa ua wa mianzi."

Mwiko ukamponyoka.

"Kule hakuna mutu," alinong'ona. "Tangu naolewa hapa, iko majani tu. Ulimwambia arudie kwake?"

"Sikumwambia."

"Eh, Faridah! Huku, mwenye kukusindikiza ni wewe unamurudisha. Unamutaja jina, unasema: rudia, inatosha. Usipomurudisha, anakufuata mpaka kwenu."

"Anaitwa nani?"

Hakujua. Tuliuliza majirani wote, na hakuna aliyejua.

Nje...

Shwaa.

Asubuhi Pitchou, dereva wa pikipiki, alinibeba kuelekea Kabambare. Kilima cha kwanza tu, akasimama.

"Dada, pikipiki iko nzito. Tuko wawili kweli?"

Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu, lakini harufu ya mawese ilikuwa shingoni pangu.

Njia nzima, Wamaza, Kabambare, hadi kwenye boti ya kuvuka ziwa, nilinong'ona majina. Bibi Amisa, rudia. Bibi Chadia, rudia. Bibi Véronique, rudia, inatosha! Nikisimama, kandambili zinasimama. Nikitembea, zinatembea. Kurudi niliogopa, na kufika niliogopa zaidi. Nina mama mmoja tu duniani, na ndiye niliyekuwa nampelekea kitu kile.

Siku kadhaa baadaye, jua likizama, nilisimama mlangoni kwetu, mguu mmoja ndani, nikiuziba mlango kwa mwili wangu.

"Mama, nakuomba... usimkaribishe mtu."

Mama alicheka. Akachungulia nyuma ya bega langu.

"Hayo ndiyo uliyoenda kusoma? Mgeni aachwe nje? Karibu, bibi, karibu ndani. Samahani, unaitwa nani?"

Swali lile! Miaka mitatu lilikuwa mdomoni mwangu, sikulitoa. Nikatega sikio...

"Muulize mutoto wako," sauti ilijibu taratibu, karibu kabisa na kisogo changu. "Ananijua."

Mama akanigeukia akitabasamu, akisubiri nimtajie.