Koti la Makhanu

Jumamosi ile ya bonasi ya miwa, nusu ya Kakamega ilikuwa Isukuti Centre na nusu nyingine ilikuwa njiani ikija. Ilikuwa miaka ile ambayo hata mwenye duka la viatu alimwita mkulima wa miwa mheshimiwa. Jumba lilikuwa na supamaketi, sinema, magari ya kugongana, bwawa la kuogelea upande wa nyuma, na ngazi za umeme ambazo watu walitoka mpaka Butere na Navakholo kuja kuzipanda bure. Wazee walizipanda kwa sala. Akina mama wengine walivua viatu kwanza.

"Phoebe, cheka hata kidogo," Dorothy alimwambia rafiki yake. "Nimekutoa kwa cherehani nikuletee raha, na wewe umekunja uso kama mtu ameitwa na chifu."

"Nimecheka."

"Lini? Mwaka gani?"

Phoebe alikuwa mjane. Siku hiyo alivaa gauni la samawati lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe, na uzuri wake ulikuwa wa aina ile isiyojitangaza. Mumewe, Makhanu, alikuwa dereva wa trekta, na tela la miwa lilimwangukia kwenye njia ya Butere. Aliumia vibaya hata sanduku la maiti halikufunguliwa mazishini. Phoebe alitoa koti alilolipenda Makhanu, la kodrai ya kahawia, akampa shemeji yake Osundwa alipeleke mochari. Osundwa akarudi akasema, "Nimemvalisha mwenyewe, mulamwa, shemeji yangu." Tangu mazishi, Makhanu alikuwa akimjia ndotoni, amesimama mlangoni, amempa mgongo. Hakugeuka hata siku moja.

Ndipo Phoebe akaliona koti.

Lilikuwa likipanda ngazi za umeme, mgongoni mwa mwanamume mrefu. Kodrai ya kahawia, na chini ya kwapa kiraka cha kitenge cha manjano alichokitia kwa mkono wake. Chupa ya soda ilimponyoka. Alimwacha Dorothy akiongea na hewa, akazipanda ngazi mbio akisukuma watu na vikapu vyao, akalishika koti kwa mikono miwili.

"Makhanu!"

Mwanamume akageuka. Alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye uso mpana na macho mekundu ya fundi wa kulehemu.

"Dada, ukitaka kuniangusha si ungengoja kwanza tufike juu?"

Ngazi zikawatema juu wote wawili. Phoebe akajikwaa, akadakwa.

"Pole. Nilidhani ni mtu mwingine."

"Huyo mtu ako na bahati. Mimi nashikwanga hivi na askari peke yake."

Phoebe akacheka. Dorothy, aliyekuwa amefika akihema, aliusikia mcheko huo akabaki mdomo wazi. Hapo ndipo Phoebe alipopaswa kusema ukweli, maneno machache tu. Lakini bado alikuwa ameshika mkono wa koti na hakutaka kuuachilia, na mwanamume yule, kwa kuwa wanaume ni wanaume, alidhani anashikwa yeye.

Jina lake lilikuwa Andati, mtu wa Mautuma, kazi yake kulehemu matela ya miwa pale mjini. Koti alikuwa amelipata sokoni kwenye mitumba. Haukupita muda simu zikaanza.

"Switi, umekula?"

"Nimekula ugali, obusuma ya nyumbani, na mboga ya murere."

"Bila mimi? Na imepita kwa koo?"

"Imepita vizuri. Kesho unakuja?"

"Nakuja. Nivae nini?"

"Lile koti."

"Phoebe, na hili jua? Nitaiva bana!"

"Lile koti, dia."

"Wewe unapendanga hilo koti kuliko mimi."

"Wacha maneno. Kredo ya simu inaisha."

Basi Andati alikuja na koti, jasho likimtiririka, akala aiskrimu akiwa amevaa kodrai huku Kakamega nzima imebaki na shati. Walipotembea, Phoebe alipenda kubaki nyuma kidogo. Ndani ya sinema alilaza shavu kwenye mkono wa koti, akafumba macho, asijue picha ilianza vipi wala iliishaje. Andati aliona hayo ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, mimi sikatai. Swali ni yalikuwa ya nani.

Na usiku Makhanu aliendelea kuja. Alisimama palepale mlangoni, mgongo kwake. Lakini sasa hakuwa na koti.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka, Andati aliliacha koti nyumbani kwenye msumari. Alikuwa na neno kubwa la kusema na hakutaka kulisema akitoa jasho. Alinunua shati jeupe, akanyoa, akaenda kusimama chini ya ngazi za umeme kama walivyopatana. Alimwona Phoebe akiingia na gauni jekundu, akatabasamu. Phoebe alimtazama, akampita.

Andati akadhani anachezewa. Phoebe akarudi, akampita tena, karibu hata marashi yake yakamfikia, macho yake yakitafuta nyuma ya bega lake. Andati akatoa simu.

"Uko wapi, switi?"

"Niko hapa kwa ngazi. Mbona sikuoni? Umechelewa?"

"Sijachelewa."

"Sasa uko wapi? Watu ni wengi."

"Geuka."

Phoebe akageuka na simu sikioni. Akamtazama usoni, na kwa pumzi moja nzima hakumjua. Andati aliliona hilo, na mtu hahitaji kuoneshwa kitu kama hicho mara mbili.

"Umenipita mara mbili, Phoebe."

"Ni hawa watu..."

"Ulikuwa unatafuta koti."

Basi akamwambia yote, palepale, watoto wakipiga kelele kwenye magari ya kugongana: sanduku lililofungwa, kiraka cha kitenge, ule mgongo wa mlangoni. Andati alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mimi miezi hii yote nimekuwa hanga. Hanga ya kutundikia nguo ya marehemu."

"Usiseme hivyo."

"Niambie basi. Macho yangu ni ya rangi gani nikicheka? Mimi huwa nasimama vipi?"

Phoebe akamtazama macho kana kwamba anayaona mara ya kwanza.

"Kaa salama, mama," Andati akasema, akaenda zake.

Jumatatu Phoebe alilikuta koti kwenye mlango wa duka lake la kushonea, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Alipiga simu, haikushikwa. Akafunga duka, akaenda Butere kwa Osundwa. Shemeji alipoliona koti aliketi chini, kwenye mchanga, bila kutafuta kiti.

"Mulamwa, nilikuta sanduku wamefunga tayari. Nikasema, nani ataona? Nikauza."

"Yeye ameona," Phoebe akasema. "Chukua jembe."

Walilizika kwenye kaburi la Makhanu, upande wa miguu, Osundwa akichimba na kulia. Usiku huo Makhanu alikuja na koti lake mwilini. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akatoka nje, na hata wakati huo hakugeuka. Phoebe aliamka, akajaribu kuukumbuka uso wa mumewe. Ukaja uso mpana wenye macho mekundu, unalalamika juu ya jua. Akaona aibu mbele ya marehemu. Halafu akaogopa, kwa sababu alijua sasa amempoteza nani.

Alimpigia Andati siku nyingi kabla ya simu kushikwa.

"Sema."

"Jumamosi enda Isukuti. Usiniambie utavaa nini. Usiniambie utakaa wapi. Simu uache nyumbani."

"Na usiponijua?"

"Utaenda zako. Sitakupigia tena."

Kisha Andati akasema polepole, "Phoebe, ile siku iliniuma. Sijui kama nitaweza ya pili."

"Mimi pia sijui," akasema.

Jumamosi hiyo watu walikuwa kama siafu. Phoebe alizunguka supamaketi, akasimama mlangoni mwa sinema, akapanda ngazi za umeme na kushuka hata askari akamuuliza kama amepoteza mtoto. Kila mgongo mpana ulikuwa wa Makhanu. Mara mbili alijikuta akiufuata mmoja kuelekea nje, akajirudisha kwa nguvu. Labda Andati hakuja. Labda alikuja, na yeye amekwisha kumpita.

Akatokea nyuma, bwawani. Jivu la miwa iliyokuwa ikichomwa mashambani lilikuwa likidondoka juu ya maji, na majini kulikuwa na vichwa tu, vyeusi, vimelowa, havina shati wala suruali ya kuwatambulisha wenyewe. Phoebe alisimama ukingoni. Akamjua kabla hajajua amemjuaje. Alikuwa ameshika bomba la ukingoni kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya kijivu, anamwangalia bila kupepesa.

"Andati! Toka kwa maji, utakufa!"

Watu wote wakageuka. Andati peke yake hakusogea.

"Umenijuaje?"

"Ni wewe. Nimekujua tu ni wewe."

"Niko hapa tangu asubuhi. Na sijui kuogelea."

"Naona, mjinga wewe!" Phoebe alipiga magoti kwenye simiti yenye maji, gauni na yote, akamshika mikono. Ilikuwa baridi sana.

"Lile neno la ile Jumamosi," Andati akasema, meno yakigongana. "Nitoke kwanza ama?"

"Lisemee hapo hapo."

"Nataka kukuoa. Mimi Andati."

Phoebe alitaka sana kukubali, lakini alikuwa amekwisha kumdanganya mtu huyu vya kutosha.

"Makhanu hajaenda kabisa, Andati. Hata kwako atakuja asimame mlangoni. Kuna usiku nitaamka nikimwita, na wewe uko kando yangu."

Andati alifikiri. Jivu moja lilimtua kwenye nyusi na hakulipangusa.

"Mwite," akasema. "Asipoitika, mimi niko hapo."

Phoebe akalia mbele ya watu wote wa Isukuti Centre, na katikati ya kilio akasema ndiyo.