Baba Anunua Pedi

Kila alfajiri Mehdi Mohamedjaffer huchemsha chai ya maziwa, halafu humwamsha binti yake, Fizza. Husali pamoja, hunywa chai, kisha Fizza huenda shule na baba huenda dukani anakotengeneza miwani. Wanaishi ghorofa ya tisa, mtaa wa Agincourt, Toronto. Wako wawili tu. Sughra, mke wa Mehdi, alifariki miaka minne iliyopita, muda mfupi baada ya kuhama kutoka Dar es Salaam. Mehdi alijifunza mwenyewe kusuka nywele za mtoto. Alijifunza hata kupika pilau, ingawa aliunguza sufuria mbili.

Asubuhi moja ya Februari Fizza, mwenye miaka kumi na miwili, hakutaka kuamka.

"Amka, mama. Wakati wa sala unapita."

"Leo sisali."

"Unaumwa?"

"Hapana. Niache tu." Alijibu kwa Kiingereza, akajifunika blanketi.

Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu shule ikampigia Mehdi simu: Fizza hakufika darasani. Mehdi akarudi nyumbani mbio, akamkuta amejifungia chumbani.

"Shule huendi! Kusali husali! Umeacha dini? Mama yako angesemaje?"

 Akasikia kilio ndani. Mehdi alijuta kumtaja Sughra, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka.

Akaingia bafuni kunawa uso. Kwenye ndoo alikuta shuka limelowekwa, na maji yamegeuka mekundu. Karatasi za chooni zilikuwa zimekwisha zote. Mehdi akaduwaa. Binti yake amevunja ungo, naye amemgombeza!

Mlango wa pili aliishi Razia, mama wa Kimombasa, nesi wa kliniki. Mehdi akabisha hodi.

"Dada Razia, nimeharibu," akasema, akamweleza yote.

"Pole, kaka. Nije nizungumze naye?"

Mehdi akafikiri. Hilo lingekuwa rahisi sana kwake.

"Ukija wewe, mwezi ujao atakuja kwako tena, na mimi nitabaki nje ya mlango. Nifundishe mimi."

Razia akamtazama kwa heshima. "Si wanaume wengi wangesema hivyo. Kaa, basi."

Akaanza. "Kwanza, Fizza hajaacha dini. Unajua mwanamke akiwa kwenye hedhi hasali. Amefundishwa hayo madrasa. Alikuwa anafuata dini yake, ila aliona haya kukuambia."

Mehdi akainamisha kichwa.

"Hedhi ya kwanza huja kati ya miaka tisa na kumi na mitano," Razia akaendelea. "Hukaa siku mbili hadi saba. Mwanzoni haina mpango, inaweza hata kuruka mwezi. Abadilishe pedi kila baada ya saa nne hadi sita. Tumbo likimuuma, mpe chupa ya maji ya moto alikande. Ila akilowesha pedi nzima kila saa, au maumivu yakimlaza kitandani kila mwezi, mpeleke kwa daktari."

"Na hasira je? Alikuwa mtoto wa kuchekacheka."

"Mwili wake unabadilika upesi, na moyo nao. Anakuhitaji, lakini anataka pia faragha yake. Bisha hodi kabla ya kuingia. Usimhutubie. Ongea naye mkiwa garini. Mkiwa hamtazamani, maneno hutoka."

Mehdi akaenda duka la dawa. Pedi zilijaa rafu nzima: ndefu, fupi, nene, nyembamba, zenye mabawa na zisizo nayo. Watu walipita nyuma yake. Masikio yaliwaka kwa haya, lakini hakuondoka. Alisoma kila pakiti kama anavyosoma vipimo vya macho ya wateja, kisha akamwomba muuzaji amsaidie. Akanunua aina tatu, chupi nyeusi na chupa ya maji ya moto.

Nyumbani, akabisha mlango wa Fizza.

"Ni baba. Nimeacha mfuko hapa chini. Hukuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekukosea. Nisamehe."

Akarudi jikoni. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Baada ya muda akasikia sauti ndogo.

"Baba? Hizi ndefu ni za nini?"

"Za kulalia. Ndivyo ilivyoandikwa."

Fizza akacheka kidogo.

Jumamosi, wakielekea madrasa kwa gari, Fizza akaanza mwenyewe, huku akitazama theluji dirishani.

"Nilidhani utanionea kinyaa. Na Mama hayupo. Sikujua nimwambie nani."

"Niambie mimi," alisema Mehdi. "Nisilolijua, tutauliza pamoja."

Mwezi wa Aprili simu ililia dukani.

"Baba, nimechafua suruali. Niko ofisini, shuleni."

"Nakuja."

Mehdi akaweka chini miwani aliyokuwa akiitengeneza. "Samahani," alimwambia mteja, "binti yangu ananihitaji." Akapitia nyumbani, akachukua suruali safi na pedi, akafika shuleni akihema. Fizza akapokea mfuko, akaenda kubadilisha.

Karani wa shule, mama wa makamo, akamtazama Mehdi kwa mshangao.

"Kabla sijampa simu nilimuuliza tumpigie nani, shangazi au jirani wa kike," alisema. "Akaniambia, 'Tumpigie baba yangu. Yeye anajua.'"